Sauti ya Tatu Kutoka Kushoto

Shemeji yangu anaitwa Fundi Sikio, na jina hilo hakujipa mwenyewe. Alipewa na wateja. Ukimpelekea redio mbovu, alikuwa haifungui kwanza. Anaiwasha, anainamisha kichwa, anasikiliza kidogo, halafu anakwambia, "Hii kapasita imekauka," au, "Karatasi ya spika imechanika upande mmoja." Ukiifungua, unakuta ndivyo. Mimi ni mwalimu wa hesabu, sidanganyiki kirahisi. Nilimtega mara nyingi, na mara zote aibu ikanirudia mimi.

Naishi kwake. Mke wake ni dada yangu mkubwa. Nilikuja kukaa wiki mbili tu nilipohamishiwa shule ya mtaa huu, nitafute chumba. Huu ni mwaka wa kumi na moja, na shemeji hupenda kuwaambia wageni kwamba mwalimu bado anatafuta chumba, ila anakitafuta akiwa amelala. Watoto wao wawili wana makwao sasa, kwa hiyo nyumbani tuko watatu.

Sebule yao ni karakana mbili. Upande wa dirisha kuna cherehani ya dada, upande wa mlango kuna meza ya shemeji. Dada hufagia vipande vya nyaya chini ya cherehani yake, na shemeji huokota pini kwenye nyavu za spika. Wanaitana "fundi," wote wawili. Mgeni akibisha na kuuliza kama fundi yupo, huitikiwa na watu wawili kwa mpigo. Na kila asubuhi, kabla ya chai, shemeji hutunga uzi kwenye sindano kumi na mbili na kuzichomeka kwenye mto mdogo wa pamba wa kuhifadhia sindano, kwa sababu macho ya dada siku hizi hayaoni tundu la sindano. Hilo wamelifanya miaka mingi na hakuna aliyewahi kulitaja.

Juu ya rafu, mahali ambapo watu wengine huweka picha za harusi, kuna amplifaya. Shemeji aliiunda kwa mikono yake mwaka waliooana. Sanduku lake ni la mbao za kitanda kilichovunjika, na nyuma lina mapezi makubwa ya alumini ya kutolea joto. Ni ya aina wanayoiita klasi A. Siku moja nilifanya kosa la kumuuliza maana yake.

"Amplifaya nyingi, shemeji, zinafanya kazi kwa zamu," alinieleza huku macho yakimng'aa. "Transista hii ikisukuma, mwenzake analala. Hii yangu hakuna wa kulala. Hata muziki ukinyamaza kabisa, umeme unapita vilevile, wote wako macho wanangoja."

"Ndiyo maana inakula umeme na kuunguza vidole vya watu," nikamwambia.

"Ndiyo maana hakuna kinachoipita."

Kwa kuwa ni ya moto, ina masharti yake. Ndani kuna vidude viwili vya bluu, kila kimoja kama punje ya hindi, vyenye mfuo wa kuingiza ncha ya bisibisi. Kimoja kinapanga volti za katikati zikae nusu kamili, zisielemee juu wala chini. Kingine kinapanga kiasi cha umeme unaopita wakati wa kimya. Ukivipanga ikiwa baridi, ikipata moto vyote vinahama. Kwa hiyo sharti uiwashe, ungoje nusu saa, ndipo upime na urekebishe. Hata kusikiliza tu, shemeji hakubali kabla ya nusu saa. Basi kila Jumapili baada ya chakula cha mchana huiwasha, yeye na dada huketi kwenye viti viwili mbele ya spika, nao hungoja ipate moto. Wanazungumza mambo yao ya kawaida tu, bei ya vitambaa, jirani kafanya nini. Mimi hutafuta kazi ya kufanya jikoni, maana si kila mahali pa kukaa mtu wa tatu.

Nusu saa ikitimia, inapigwa kaseti, na kaseti ni ileile siku zote. Ni kwaya ya kiwanda cha nguo alikokuwa akishona dada enzi za usichana wake. Waliimba bwaloni, siku ya kufunga mwaka, na kijana aliyekuja na maikrofoni kurekodi ndiye huyu shemeji. Dada alisimama safu ya mbele, wa tatu kutoka kushoto. Wimbo waliutunga wenyewe, unasema, "Sindano tangulia, uzi naja nyuma." Mwisho wa ubeti wa pili kwaya nzima inabaki chini, na sauti moja inapanda peke yake kwenye lile neno "nyuma," inapanda na kukaa huko juu. Hiyo ni ya dada. Shemeji anasema alipoisikia kwenye spika za masikioni siku ile alisahau kuangalia mitambo. Alikwenda kumtafuta mwenye sauti kabla hata ya kukunja nyaya. Na alipooa akaona kwamba hakuna amplifaya dukani inayoitoa sauti ile sawasawa, akaunda yake.

Mwanzoni mwa mwaka jana, Jumapili moja, kaseti ilipofika pale mwisho wa ubeti wa pili, shemeji alikunja uso.

"Imefifia," akasema. "Fundi, wewe huoni imefifia?"

"Imekaa," dada akamjibu. Hilo ndilo neno lake. Mteja akijaribu gauni na likamtosha, dada hasemi zaidi ya hilo.

"Haijakaa. Sauti yako siioni humu. Kwaya ipo, wewe hupo."

Kesho yake aliifungua. Akapima volti, zilikuwa sawa. Akapima umeme wa kimya, ulikuwa sawa. Mtu mwingine angefunga kifuniko akaenda kunywa chai, lakini shemeji anaamini kwamba mita hupima na sikio ndilo huamua. Akaongeza umeme kidogo. Jumapili ikafika, haikumridhisha. Akabadilisha kapasita. Jumapili nyingine, bado. Akaongeza umeme tena, hadi mapezi yakawa ya moto kiasi kwamba dada alikataa kuweka kitambaa chochote karibu na rafu. Ndani ya spika akatoa rezista iliyokuwa ikizituliza zile spika ndogo za sauti kali. Kila mara alimgeukia mkewe na kumuuliza, na kila mara dada alimjibu kwamba imekaa.

Jamani, ilikuwa haijakaa. Kufikia katikati ya mwaka ile amplifaya ilikuwa inapiga kelele za kutoboa. Kila herufi "s" iliyoimbwa na kwaya ilinipita kwenye meno. Nilihamia jikoni, kisha uani, kisha Jumapili nikaanza kutembelea watu ambao sikuwapenda.

Mimi si mtu wa kumung'unya maneno. Nilimbana dada akiwa anaosha vyombo.

"Dada, kwa nini unamwambia imekaa na wewe unasikia kama ninavyosikia mimi?"

"Mwanzoni nilimwambia kweli, hakuniamini," akasema. "Ilikuwa nzuri, akaiharibu. Sasa nikimwambia mbaya, ataichokonoa zaidi. Nikimwambia nzuri, labda atapumzika."

"Anapumzika huyu?"

Dada akasugua sufuria ambayo ilikuwa safi tangu zamani. "Muache mume wangu," akasema.

Nikamuacha, huku nikisema moyoni kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Nilidhani namtukana kimyakimya. Sikujua ninachokisema.

Kulikuwa na mambo mengine mbele ya macho yangu na sikuyasoma. Dada alikuwa ameanza kuzungumza kwa sauti nzito, ya chini, kama mtu mwenye mafua. Tena hakuwa akimwita shemeji kutoka mbali. Alikwenda mpaka alipo, akamgusa bega, ndipo akasema. Nami kwa ujinga wangu niliwatania mezani: "Nyinyi nanyi, mnashikanashikana kama wachumba! Humu ndani kuna mwalimu, jiheshimuni." Shemeji alicheka. Dada hakucheka.

Kisha yule kinyozi wa pale kona akarudisha redio yake. Shemeji alikuwa ameitengeneza wiki moja tu kabla. Kinyozi aliiweka mezani kwa adabu, maana ni mtu mpole.

"Fundi, samahani sana. Inafanya kazi, siwezi kusema uongo. Lakini inapiga ukali ambao sijawahi kuusikia. Jana mteja kashtuka nikiwa nayo mashine kisogoni, nimemtolea njia ambayo hakuiomba."

Nilicheka. Shemeji hakuonyesha jino. Kinyozi alikuwa mtu wa tatu mwezi ule kurudisha kitu. Alipoondoka, shemeji aliifungua redio, akachukua mita yake kutafuta waya uliokatika, akagusisha ncha zake hapa na pale, kisha akaitupa mezani.

"Na hii mita nayo imekufa mlio! Ya tatu hii. Wanatengeneza takataka."

Mita ya fundi, kwa asiyejua, ina mlio. Ukigusisha ncha zake mbili kwenye waya mzima, inalia, piiii, ili usihangaike kutazama kioo. Mimi nilikuwa nimetoka shule, kichwa kinaniuma, madaftari arobaini na tano yananingoja. Nikaichukua.

"Hebu," nikasema, nikagusanisha ncha zake. Ikalia. "Si inalia hii?"

Cherehani ya dada ikasimama.

Shemeji hakuitazama mita. Alinitazama mimi. "Inalia?"

"Inalia, tena inakera."

Akanyoosha mkono, nikampa. Akageuza kiti akamkabili mkewe, akagusanisha ncha zile huku akimtazama usoni. Ikalia, na dada akapepesa macho. Akaziachanisha. Akazigusanisha tena, dada akapepesa tena. Mara ya tatu dada aliinamisha uso, na shemeji akaiweka mita mezani taratibu.

"Tangu lini, fundi?" akauliza.

"Mwaka juzi," dada akasema kwa ile sauti yake nzito. "Birika lilikuwa linapiga mluzi nyuma yako mpaka maji yakakauka."

"Na hukuniambia."

"Nilikuwa nangoja uniambie wewe."

Sikuwa na mahali pa kuangalia. Niliona haya kwa kila utani niliowahi kuutoa mezani pale. Shemeji aliinua macho kwenye rafu, akaiangalia ile amplifaya kwa muda.

"Nimeionea bure," akasema. "Haikukupoteza yenyewe. Nimekupoteza mimi."

Siku iliyofuata alitandika shuka kuukuu juu ya meza yake ya kazi. Wateja walipokuja, aliwaambia waende kwa fundi wa ng'ambo ya barabara, yule ambaye siku zote alikuwa akimsema kwamba ana mikono ya kuvunjia nazi. Siku ya pili hivyohivyo. Nikamshauri hospitali, akaniambia atakwenda, kwa sauti ya mtu asiyekwenda. Chakula alikula. Sindano za dada alizitunga uzi kila asubuhi. Zaidi ya hapo alikaa tu, mikono magotini, na mimi ambaye kwa miaka kumi nilimwomba Mungu kelele zile ziishe, nilikuwa naikosa ile harufu ya risasi ya kulehemu ikiyeyuka.

Siku ya tatu dada alisimamisha cherehani.

"Utafunua lini hiyo meza?"

"Nifunue nifanye nini? Wananiita Sikio. Fundi redio asiyesikia ni fundi wa nini? Bora niache kwa heshima kuliko kuharibu vitu vya watu."

Dada aliinuka, akachukua ule mto mdogo wa pamba wenye sindano kumi na mbili, akaenda kumwekea pajani.

"Hizi kazitunga nani?"

"Mimi."

"Jana?"

"Mimi."

"Mwaka wa ngapi huu sioni tundu la sindano? Umewahi kuniona nimetandika shuka juu ya cherehani?" Sauti yake ilikuwa imesahau kuwa nzito, ilikuwa ile yake ya kweli, na ilitetemeka. "Umenipa macho yako niyatumie kwenye kazi yangu, sikuona aibu. Wewe masikio yangu unayaonea kinyaa?"

Ninajua shemeji hakusikia maneno yote. Lakini alikuwa akimtazama mdomo, na yaliyobaki aliyasoma usoni. Akagusa sindano moja baada ya nyingine kwa ncha ya kidole.

"Masikio yako ni ya uongo," akasema mwishowe. "Mwaka mzima yananiambia imekaa."

"Nilikosea," dada akasema. "Sitarudia."

Jumapili ile shuka liliondolewa. Tangu asubuhi shemeji alikuwa akirudisha kila kitu alichokigeuza, kapasita za zamani, rezista ya spika, vyote alivihifadhi kwenye kopo la maziwa, maana fundi mwenye akili hatupi. Umeme wa kimya akaurudisha pale ulipokuwa miaka yote. Saa nane akawasha, nao wakaketi kwenye viti vyao. Mimi nilianza kwenda jikoni.

"Wewe kaa, shemeji," akaniita. "Leo nataka mashahidi wawili."

Tukangoja nusu saa. Alipima volti za katikati, akazirekebisha kidogo, kisha akanionyesha niwashe kaseti. Bisibisi ilikuwa mkononi mwake na macho yake yalikuwa kwa dada.

Dada alisikiliza amefumba macho. "Imebana kwapani," akasema.

"Nini?"

Akamgusa mkono, akarudia karibu. "Kwapani. Wakiimba taratibu inakaa. Wakiinua sauti wote, inabana, inakwaruza."

Nilitaka kucheka. Shemeji hakuona cha kucheka. Aliwaza kidogo, akaingiza bisibisi kwenye kile kidude cha pili, akakigeuza kwa upana wa unywele mmoja. "Nimeiongezea umeme kidogo. Labda zamani ilitosha, sasa transista zimezeeka. Na sasa?"

"Afadhali. Bado."

"Sasa?"

"Sasa imelegea kiunoni, sijui nisemeje, besi inaning'inia."

"Hiyo si amplifaya, ni spika iko karibu mno na ukuta. Shemeji, ivute hatua moja."

Nikaivuta. Akageuza tena kidogo, akangoja, akapima joto la mapezi kwa kiganja.

"Mbaya," dada akasema. "Umepita."

Wallahi shemeji alicheka. Mwaka mzima sijamsikia akicheka vile. "Mbaya!" akarudia, kama mtu aliyepewa zawadi. Akarudisha nyuma nusu ya alichogeuza.

Dada akainua kiganja. "Hapo. Iache. Imekaa."

"Kweli?"

"Mungu wangu ananiona. Imekaa."

Shemeji alinigeukia mimi, shahidi wa pili. Nami naapa, watu walikuwa wamesimama sebuleni mwetu. Nilisikia mtu akivuta pumzi kabla ya kuanza ubeti. Niliitikia kwa kichwa.

Akafunga kifuniko, skrubu nne. Akarudi kwenye kiti chake. Kaseti ilikuwa kwenye ubeti wa pili.

"Kwaya ipo," akasema. "Sauti za wanaume zipo, nzuri kabisa. Nasikia hadi kiti kinaburutwa." Akainamisha kichwa. "Wewe tu ndiye sikupati, fundi."

Dada alivuta kiti chake mpaka kikagusana na cha mumewe. Akamshika mkono, akaulaza juu ya goti lake kiganja kikitazama juu. Kwaya ikafika "uzi naja," ikabaki chini, na dada akaweka kidole kimoja katikati ya kiganja kile.

"Hapa," akasema.

Sauti ya msichana wa miaka kumi na tisa ilipanda peke yake na kujaa chumba chote. Niliisikia kwa ajili ya watu wawili, na macho yangu yalijaa machozi, na sioni aibu kuyaandika. Shemeji hakuwa akiangalia spika. Aliangalia kile kidole. Sauti ilikaa huko juu, ikakaa, nacho kidole kilikaa vilevile, mpaka ilipoanza kushuka, ndipo dada akakiinua polepole.

"Ndefu hivyo?" akauliza shemeji.

"Nilikuwa na mapafu siku hizo."

Tangu hapo hospitali ameshakwenda. Daktari alisema sauti za juu zimeondoka kwa umri na hazirudi, ila kuna kifaa cha kuvaa sikioni, na jina lake liko kwenye orodha ya kungoja. Shemeji alimuuliza daktari kifaa hicho ni klasi gani, daktari akadhani anachanganyikiwa. Wateja wamerudi. Redio haitoki nyumbani mpaka dada aipitishe, na kinyozi ameambiwa usoni kwamba yake haina tatizo tena, ila kwapani inabana kidogo kwa sababu spika zake ni za bei rahisi. Ameondoka akijipapasa shati.

Lakini hayo ni ya baadaye. Jumapili ile kaseti iliendelea mpaka mwisho wa wimbo, ikaingia kwenye vigelegele vya bwaloni, na wale wawili walikuwa bado hawajaachiana mikono. Shemeji hakunigeukia.

"Shemeji," akasema, "irudishe ubeti wa pili."

Nikairudisha.